Mashine ya Kazi Zote

Masika mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kwa jinsi ninavyowajua hamtaachana kabla jua halijazama. Nami nimevuta meza hadi mlangoni nipate mwanga. Mambo ya safari sitayagusa. Mahali pa kushonea pesa, uso wa kuvaa ukifika kwenye barrière ya askari, chakula cha kukataa na cha kukubali, yote hayo shangazi yako wa Beni amekwisha kukuhubiria, na kesho ukilala kwake atayarudia tangu mwanzo. Mimi nataka kusema juu ya mashine. Nataka pia kukujibu swali uliloniuliza siku ile tulipokuwa tukimpeleka mama yako hospitali. Uliniuliza mara moja tu, nikakufokea. Hujalirudia tena, lakini mimi bado nalisikia.

Tuanze na mashine.

Ile karatasi yenye picha yake imepita mikono mingi hapa Butembo hata pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Rangi ya njano, magurudumu manne, mbele ndoo pana ya kuzolea udongo, nyuma mkono mrefu wa kuchimbia. Waliosoma wanaiita tractopelle. Sisi wengine tunaiita mashine ya kazi zote, kwa sababu ndivyo alivyotuambia yule mwenzetu aliyerudi nayo hiyo picha kutoka Uchina: inachimba, inazoa, inasawazisha, inabeba, na ukiibadilisha meno inavunja hata mawe. Halafu bei yake, ukiilinganisha na zile za Ulaya, ni ndogo kiasi cha kukufanya ujiulize wamesahau kutia nini ndani.

Ulikuwepo kwenye mkutano wa kuchangia mashine hiyo, lakini ulikaa nyuma na akina mama, kwa hiyo pengine hukuziona nyuso. Mimi nilikaa pembeni nikaziona zote. Pa Kasereka, muuza simenti ambaye ndiye mkubwa wa kikundi chetu, alipoitazama picha aliona njia ya Eringeti ikifunguka na malori yake yakipita bila kulala matopeni. Mnunuzi wa kahawa aliona uwanja wa kuanikia. Yule wa mbao aliona magogo yakitoka msituni. Hata katekista, ambaye alikuja kufungua mkutano kwa sala tu, aliishika karatasi muda mrefu akauliza kama haiwezi kusawazisha kidogo nyuma ya kanisa. Watu wote mule ndani walikuwa wananunua, ila kila mmoja alikuwa ananunua mashine yake, na wakati huo inayokuja ni moja.

Usidhani nawacheka. Mimi pia niliiona yangu. Niliiona njia ya kwenda Luofu, kwa wajomba zako, ambako msimu uliopita maharagwe yalioza katika magunia kwa kukosa gari la kuthubutu ule mteremko. Mjomba wako aliyafukia mwenyewe kwa jembe lilelile alilolimia. Mtu akishaona jambo kama hilo, ukimwonyesha picha ya mashine ya njano moyo wake unaruka.

Halafu wakauliza, nani aende Uchina akaione? Jina lako likatajwa. Mtoto amesoma Kampala, anajua Kiingereza, amekulia chini ya lori la baba yake. Unakumbuka Pa Kasereka alivyosema: «Huyu mutoto anajua ma camion kupita bavulana ba hapa. Aende aone. Kama iko muzuri, anunue. Kama hapana, arudishe feza zetu. Ye mwenyewe njo ataamua.» Mtu mmoja huko nyuma akauliza, «Na akipoteya na feza, je?» Pa Kasereka akacheka. «Atapoteya wapi? Baba yake iko hapa. Ye hawezi kuenda fasi yoyote.»

Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, nikasema wasingya, asanteni kwa kutuamini. Lakini lile neno nilirudi nalo nyumbani. Hapa kwetu mambo haya hayaandikwi. Unajua jinsi wafanyabiashara wetu wanavyopeana mali kwa neno la mdomo, na mali inatoka Butembo hadi Uchina na kurudi bila sahihi ya mtu. Wageni wanashangaa wanasema watu hawa wanaaminiana sana. Ni kweli tunaaminiana. Ila nyuma ya kila anayesafiri kuna mtu aliyeachwa nyumbani akikaa kitini, na yeye ndiye sahihi. Safari hii anayekaa kitini ni mimi.

Hiyo ilikuwa kamba ya kwanza. Ya pili niliivaa mwenyewe kule Beni nilipokwenda kukutafutia karatasi ya kupita. Sikukueleza yote uliponiuliza, nilikwambia tu kwamba wamesaini. Ni kweli wamesaini. Commandant wa askari wanaoshika Beni alisoma jina lako, akasoma sababu ya safari, akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa upole, na upole wa mtu kama yule nauogopa kuliko fimbo. «Muzee,» akasema, «hiyo machine ikifika, itaanza kwanza kwangu. Kazi kidogo tu, kule mbele ya Eringeti. Kisha nitabarudishia.» Nikajibu, «Ndiyo, mon commandant.» Ningejibu nini? Akachukua kalamu akasaini, akaniuliza hata habari za baridi ya Butembo.

Kazi hiyo kidogo sote tunaijua. Ni mashimo ya dhahabu. Mashine ikiingia kule haitoki mpaka imekwisha, na ikitoka, kwenye meza ile atakuwa amekaa commandant mwingine mwenye kazi yake kidogo. Tumekwisha kuona wangapi wakibadilishana meza ile! Kila mmoja anatukuta sisi ni walewale, na sisi tunamkuta na maneno yaleyale.

Basi tangu siku ile nimekuwa nikizunguka ndani ya jambo hili kama mbuzi aliyefungwa. Ukinunua, mashine ni ya commandant na kikundi kitaniuliza mimi. Usiponunua, commandant atasema nilimdanganya, na kikundi watasema pesa yao ilitembea bure na mtoto wangu akaona dunia kwa jasho lao. Nikisema usiende, karatasi imesainiwa na watu wamekwisha kutoa. Kila upande ninaogeukia nakuta ukuta, na kila ukuta una mtu ninayemfahamu ameegemea.

Sasa nikueleze juu ya lori.

Lori letu unalijua kama mahali ambapo kuku wako wanatagia. Lakini siku niliyolileta nyumbani ulikuwa mdogo, ulikimbia mbele yake hadi barabarani ukipiga kelele. Na mimi, Masika, nilikuwa nimedanganyika kama wanavyodanganyika wenzangu leo. Aliyeniuzia kule mpakani aliniambia: hili ni la kazi zote. Lina benne ya kumwaga mchanga, lina mbao za pembeni za magunia, ukipanga mabenchi linabeba watu. Lilikuwa kuukuu, limepakwa rangi juu ya kutu, bei rahisi. Nilitoa kila kitu nilichokuwa nacho pamoja na vitenge vya mama yako. Na kweli lilifanya kazi zote. Lilikwenda Luofu kuleta viazi, likaenda Eringeti kuleta mchele na mbao, likabeba maharusi na likabeba majeneza.

Vita viliporudi, ndipo nilipoelewa kwamba chombo cha kazi zote ni chombo cha watu wote. Wa kwanza walilichukua kubebea askari wao. Waliowafukuza wa kwanza walilichukua kubebea vitanda na mabati waliyotoa katika nyumba za watu, na mimi ndiye niliyekuwa dereva, jirani zangu wananitazama nikipita na milango yao. Wa tatu walitaka likabebe maji. Kila mara walinirudishia likiwa na jeraha jipya, na kila mara niliwashukuru. Ningekuwa na baiskeli, wangechukua baiskeli mara moja basi, mambo yakaisha. Lakini lori lilikuwa na faida kwa kila aliyekuja.

Hapo ndipo nilipogundua akili yangu kubwa. Niliifungua pampu ya mazutu kutoka kwenye injini, ile inayosukuma mafuta ndani, nikaifunga katika gunia na kuificha chini ya kikapu cha maharagwe jikoni. Lori nikaliweka juu ya matofali, nikaacha majani yaote. Askari walipokuja, mmoja aliniuliza kwa Kilingala chao, «Vieux, motuka oyo ekufi?» Limekufa hili? Nikajibu kwa masikitiko, «Ekufi.» Alipanda akajaribu, kimya. Akalipiga teke, akashuka, wakaenda zao. Nilicheka siku ile mpaka mama yako akaniziba mdomo kwa mkono wake.

Majirani wakaja kujifunza. Haikupita muda mtaa mzima ulijaa magari yaliyokufa, na katika kila jiko kulikuwa na kitu chini ya kitu. Nilijiona mwalimu. Watu walinisalimu njiani kwa heshima na jicho la kukonyeza. Mama yako peke yake ndiye hakuvutiwa. Maharagwe yalikuwa yamekwisha kushika harufu. «We, baba Masika,» alikuwa akiniambia, «weka ile kitu yako pengine. Batoto banakula mazutu.» Nami namwambia, mke wangu, maharagwe yenye mazutu ni bora kuliko kutokuwa na lori. Tukacheka. Kila nikikumbuka kwamba tulicheka, naumia zaidi.

Halafu ikaja ile asubuhi. Ulikuwa na umri wa kuona kila kitu, kwa hiyo sitakusimulia ulichokiona. Uchungu ulimjia kabla ya wakati wake, na damu ilikuja kabla ya uchungu. Wanaume wa hapa kilimani walifika na tipoyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakaanza kukaza kamba kwenye mianzi. Hospitali iko mbali kwa miguu, mteremko na mlima na mteremko tena. Chini yetu, katika shule, walikuwa wamelala askari. Wewe ulisimama kati ya lori na mama yako, ukanitazama ukauliza, «Baba, juu ya nini hatumuweke Mama mu camion?»

Nikakuambia, «Nyamaza! Camion ilikufa!»

Sikusema hivyo kwa ajili yako. Nilisema kwa sauti ili njia isikie, ili kule shuleni wasikie. Nilikuwa nawadanganya askari kwa kupitia masikio ya mtoto, na mama yako amelala pale chini akisikiliza. Aligeuza kichwa akanitazama. Alijua pampu iko wapi kuliko ninavyojua mimi, maana ndiye aliyekuwa akiihamisha kila alipopika. Hakusema neno. Alikuwa analilinda lori, yeye vilevile. Nilikuwa nimemfundisha hata yeye.

Ningeweza kuifunga ile pampu. Funguo zilikuwa ukutani. Wanaume wale walichukua muda kukaza kamba zao, na mikono yangu wakati ule ilikuwa na kasi. Lakini nilifikiri: likinguruma, watajua liko hai, watalichukua, na watauliza nani aliwadanganya. Nikafikiri pia kwamba wanawake wengi wamebebwa kwa tipoyi wakafika. Nikafikiri mambo mengi ya busara, na wakati nafikiri wanaume wakamwinua wakaenda. Wewe ulitembea nyuma ukibeba sufuria na kanga zake. Alikata roho pale penye mikaratusi, kabla ya mlima wa mwisho, na mtoto pamoja naye.

Basi jibu lako ni hili, mwanangu. Lori halikuwa limekufa. Niliogopa lisikike. Na najua ulijua. Mtoto aliyekuwa akichota maharagwe katika kikapu kile kila jioni hawezi kuwa hakujua. Umekaa na mimi miaka yote hii, umenipikia, umenifulia, umenisomea dawa, na ulijua. Sijui ulinisamehe au ulinihurumia tu. Sikuulizi. Nimechoka tu na kuishi nawe nyumba moja tukiwa tunalizunguka lile lori kila tukienda chooni bila kulitaja.

Nimerudi kwenye mashine.

Wenzangu watakuambia uitazame bei, uitazame ukubwa wa ndoo. Rangi usiitazame kabisa, rangi hata mimi niliuziwa. Fika asubuhi kabla hawajaiwasha, uguse injini kama ni baridi kweli, maana muuzaji akiipasha moto kabla hujafika anajua kwa nini. Waambie waichimbishe na kuizolesha kutwa nzima mbele yako. Tazama mipira inayopitisha mafuta kwenda kwenye mkono na ndoo, halafu ujiulize: mmoja ukipasuka mbele ya Eringeti, nani anao mwingine? Huko Uchina utaupata dukani kwa kunyoosha kidole. Hapa tutangoja mtu aende na arudi. Na chombo kimoja chenye kazi zote kikiumwa sehemu moja, kazi zote zinalala siku hiyohiyo. Haya unayajua, nimekufundisha mwenyewe ukiwa umelala chini ya gari na uso umejaa grisi.

Lakini kuna swali ambalo kwenye mkutano hakuna aliyeliuliza, na mimi sikuwa na kifua cha kuliuliza. Je, tutathubutu kuiacha isikike? Mashine ile haiwezi kufanya kazi kimyakimya. Siku ya kwanza ikinguruma hapa Butembo, Beni watajua. Tukiogopa, tutaifungua pampu tuifiche chini ya maharagwe ya mtu, tuiweke juu ya matofali, na njia ya Luofu itabaki vilevile. Tutakuwa na lori lingine kama langu, kubwa zaidi, la watu wengi zaidi, na wote tutakaa kulilinda tusitoke. Nimekaa katika uwanja huu nikilinda chuma ambacho sithubutu kukitumia. Wengine walipokimbilia Uganda ile mara ya pili, mimi nilibaki kwa ajili yake, nikakubakiza na wewe.

Nimefikiri sana, nikaja na wazo ambalo nalisema kwako peke yako kwa sababu mkutanoni wangenicheka. Ukiwa kule, waulize juu ya mashine nyingine. Ile ya gurudumu la chuma, nzito, ya kushindilia barabara. Haina ndoo wala mkono. Haichimbi hata shimo la choo. Inakwenda polepole mbele, inarudi polepole nyuma, basi. Wanaume wenye majembe na beleshi, kama walewale wanaofukia mashimo kwenye njia ya Beni, wachimbe mitaro maji yatoke, wamwage changarawe, na yenyewe ipite juu. Njia inauawa na maji, si na kukosa tractopelle, na hilo nakuambia mimi niliyelala matopeni. Na commandant ataifanyia nini? Dhahabu haichimbwi kwa kukanyagwa. Labda aipigie pasi mashati yake.

Sijui kama ni wazo zuri. Pa Kasereka atasema tulikutuma kuleta ng'ombe ukatuletea jiwe. Commandant anaweza kuichukua kwa hasira tu, kwa sababu alitaka ile nyingine. Pengine ukifika ukaiona ile ya njano ikifanya kazi, utaona ina nguvu na uaminifu kuliko ninavyodhani, na utasema baba amezeeka. Hapo inunue. Au utaona zote hazifai, urudishe pesa za watu kwa mkono wa ndugu zetu wa Kampala, zote kama zilivyo. Yoyote kati ya hayo ni sawa kwangu, ilimradi uwe umeitazama mashine na njia yetu tu.

Ninachokukataza ni kimoja. Usinitie mimi katika mizani. Utakapokuwa umesimama mbele ya chuma kile, mtu wa Kichina anangoja neno lako, utakumbuka kicheko cha mkutanoni: baba yake iko hapa. Utafikiri, nikikataa watamfanya nini Baba? Na utanunua kitu kibovu ili mimi nilale salama. Nakujua. Ni damu ya mama yako, ile ya kunyamaza ili kulinda kitu cha mwingine. Mimi sitaki kulindwa hivyo mara ya pili. Amua kana kwamba hapa kitini hakuna mtu. Watakaponiuliza, nitajibu mwenyewe, na safari hii sitasema kwamba kimekufa kitu ambacho kiko hai. Na kama jibu lako litawakasirisha, basi baki Kampala kwa muda, ufanye kazi, uimbe kwaya ya huko. Usirudi kuja kunikomboa. Nitaumia kukukosa, nasema wazi, nyumba itanishinda. Lakini nitakuwa naumia kwa sababu nzuri.

Neno la mwisho, kisha nikaoge kabla hujarudi, maana mikono yangu inanuka na ungeuliza.

Umeniambia kesho utashuka kwa miguu hadi stendi, upande gari la Beni pamoja na wengine. Hapana. Mchana huu ulipokuwa sokoni nilikitoa kile kitu kikapuni. Kimekaa humo muda wote huo na sasa chenyewe kinanuka maharagwe. Nimekifunga mahali pake. Betri nimeazima kwa mwenye kinu, nikamwambia ni ya redio, akanitazama akanipa bila kuuliza. Mazutu yapo ya kutosha kufika Beni. Kuku wako mweupe alikataa kutoka kwenye kiti cha dereva, tumegombana, amenidonoa, lakini ameshindwa. Magurudumu nimeyapiga upepo, matofali nimeyatoa yote ila mawili ya kuzuia.

Sijaliwasha. Huwezi kulijaribu bila kusikika, kwa hiyo jaribio ndiyo safari yenyewe. Betri ikishindwa, nitalitoa matofali literemke kilima lenyewe, na hapo katikati nitaingiza gia. Likikataa kabisa, bado tutafika chini barabarani bila kutembea, na gari la Beni linapita palepale. Likikubali, tutapita mbele ya shule, tutapita penye mikaratusi, nami nitakufikisha hadi mlangoni kwa shangazi yako, pale mtaa wa Ruwenzori, mchana kweupe, katika mji wa commandant mwenyewe. Nikirudi huenda watalichukua. Walichukue. Litakuwa limekwisha kumbeba mtu wetu.

Kwa hiyo alfajiri ukisikia ngurumo nyuma ya nyumba, usijifiche, usizime taa. Vaa koti, beba begi lako, utoke. Ni mimi.

Baba yako